Mwaka Nilioandika "Inadaiwa"

Tulimzika Mafuru pale Nyegina siku ya Alhamisi. Ukiniuliza walikuja watu wangapi nitakwambia elfu kumi, lakini mke wangu, ambaye kila ninachosema hukiondolea sifuri moja na mara nyingine mbili, anasema hawakuzidi mia nne. Haya, mia nne. Bado ni wengi kwa mtu ambaye nusu ya maisha yake mji mzima wa Musoma ulimwita muuza mechi. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki chini ya turubai, sahani ya wali mapajani, nikimtafuta ng'ombe aliyepita juu ya mchuzi ule bila kukanyaga, ndipo akaja binti mmoja wa redio anaitwa Rehema, simu mkononi, akapiga goti kidogo. "Shikamoo babu." Nina miaka hamsini na nane tu, lakini msibani hakuna mtu mwenye umri wake halisi, nikaitikia. "Naandaa makala ya marehemu," akasema. "Bosi wangu anasema bila ile mechi ya Bunda hakuna makala. Mimi naona vibaya, mtu bado udongo haujakauka. Babu, wewe uliandikaga michezo zamani. Niiweke au niiache?" Swali hilohilo, karibu kwa maneno hayohayo, niliulizwa nikiwa na miaka ishirini na tano, nikalijibu vibaya, na mtu aliyelipia jibu langu ndiye tuliyekuwa tumetoka kumfukia.

Mwaka ule nilikuwa mtu mkubwa sana, kwa maelezo yangu mwenyewe. Mchana nilikuwa mwandishi wa michezo wa gazeti moja la wiki la Musoma ambalo siku hizi halipo, na saa kumi na moja jioni nilikuwa mwanafunzi wa kidato cha tatu. Tulisomea kwenye darasa la shule ya msingi, tumekalia madawati ya watoto, magoti yakigusa masikio, mimi na mgambo mmoja, akina mama wawili wauza furu, vile visamaki vya ziwani, na dereva wa lori aliyekuwa na wajukuu. Ofisi ya gazeti ilikuwa vyumba viwili juu ya duka la Mzee Salehe, fundi cherehani, na alipokuwa anashona suruali nzito sakafu yetu ilitetemeka mpaka taipureta ikawa inaandika yenyewe. Naapa, kuna ripoti moja ya mpira wa pete ambayo mimi sikuigusa kabisa. Ukutani palikuwa na kabati la bati, na ndani ya kabati mafaili. Kila mtu aliyewahi kuandikwa alikuwa na faili lake lenye vipande vya magazeti, na utaratibu wetu ulikuwa huu: kabla ya kuandika habari ya mtu, unafungua faili lake, unachukua ile sentensi iliyoandikwa zamani, unaiweka kwenye habari mpya. Haukuwa wizi. Tuliuita utafiti. Sentensi ya Mafuru ilisema: "golikipa anayekumbukwa kwa bao lenye utata dhidi ya Bunda". Mimi mwenyewe nilikuwa nimeinakili mara tatu bila kuuliza utata wenyewe ulikuwa upi.

Kila mtu aliujua, ndiyo maana hakuna aliyeuliza. Miaka kumi na minne kabla ya hapo, fainali ya mkoa ilichezwa Bunda, wenyeji dhidi ya Musoma. Sare mpaka dakika za mwisho. Wambura, mshambuliaji wa Bunda, akatoroka na mpira peke yake kuelekea goli la Musoma. Mafuru, kipa wetu, mwili kama mlango wa ghala, akatoka golini kumkabili, na kila mtu uwanjani akafumba macho akisubiri mifupa ilie. Haikulia. Hatua mbili kabla ya kugongana, Mafuru akasogea kando. Si kwamba aliruka akakosa, wala hakuteleza. Alisogea, faili likasema, "kama anayempisha mgeni mlangoni". Wambura akapita, akafunga, Bunda ikachukua kombe. Miezi mitatu baadaye Mafuru akaoa binti wa Bunda, tena kwenye ukoo wa Wambura huyohuyo, na hapo Musoma nzima ikapiga makofi ya uchungu: ahaa, kumbe malipo yenyewe yalikuwa mke.

Mhariri wetu, Masatu, alikuwa na sauti ambayo ingeweza kumwita mtu aliyeko Ukerewe naye akasikia bila kupanda kivuko cha Kisorya. Siku moja aliniita kwa sauti hiyo ingawa nilikuwa meza ya pili. "Mafuru anatajwa kuwa kocha wa timu ya vijana ya mkoa. Kamati inakaa baada ya wiki mbili. Nataka makala ukurasa mzima." Nikafurahi, maana ukurasa mzima nilikuwa sijawahi kupewa. Akainua kidole. "Na ndani yake nataka ile mechi. Mtu anataka kukabidhiwa watoto wa mkoa, lazima aulizwe. Ukiniletea makala ya maua sitaichapa, na ile nafasi ya ajira nitampa mwingine." Kwa miaka miwili nilikuwa nalipwa kwa habari moja moja kama kibarua wa kupalilia pamba. Ajira maana yake kiti chenye mgongo, na jina langu kwenye ukurasa wa pili. Nikamwambia, "Sawa mkuu, nitamuuliza." Nilivyosema vile niliona jambo jepesi kabisa. Kuuliza si kuuliza tu?

Mafuru alikuwa anafundisha michezo kwenye shule moja ya sekondari Butiama. Nilienda kwa baiskeli, milima ile ikanipandisha na kunishusha mpaka nikafika nimepungua kilo ishirini (mke wangu anasema mbili). Nilimkuta uwanjani, filimbi mdomoni, anawafundisha makipa namna ya kuanguka. "Mpira hauna mkwe, mura!" aliwafokea; mura kwao ni kijana. "Ukiutokea, umeutokea!" Vijana wakacheka, mimi nikaandika maneno hayo kwenye daftari kwa sababu yalinichekesha, sikujua nimeandika nini. Baadaye akanichukua nyumbani kwake, nyumba ya vyumba viwili ya walimu, sebule yenye meza moja yenye kitambaa cha kufuma na viti vinne, kila kimoja na mlio wake. Mkewe, Nyanjura, akaleta maji ya kunawa, akaleta ugali wa mtama na sato mzima wa kupaka karanga, samaki mkubwa mpaka mkia wake ulikuwa chumba cha pili. Tulikula kwanza. Huyu ni mtu aliyekuwa anajua kilichonileta, maana hakuna mwandishi aliyewahi kumfuata kwa jambo lingine, na bado aliniwekea kichwa cha samaki, sehemu ya mgeni wa heshima. Nikakila kichwa hicho kwa shida. Kila tonge nilikuwa nawaza: nikinawa tu, namuuliza.

Nikanawa. Nikamuuliza. Akasogeza bakuli la kunawia pembeni. "Andika mazoezi," akasema. "Andika vijana wangu. Ya Bunda yaache." Nikamwambia kwamba mhariri hawezi kuichapa bila hiyo, kwamba ni haki yake kujieleza, kwamba ukinyamaza watu wanahesabu umekiri, nilisema maneno yote ambayo waandishi tunayabeba mfukoni kama dawa ya mbu. Akatikisa kichwa. Ndipo kutoka jikoni, ukuta ukiwa ni wa matofali mabichi na sikio la mwanamke ni refu, tukasikia sufuria imewekwa chini kwa nguvu. "Miaka kumi na minne!" Nyanjura alisema, hakuwa anasema na sisi, alikuwa anasema na moto. "Mtu anaitwa mwizi mpaka kanisani. Si amwambie tu alimpisha baba!"

"Nyanjura!" Mafuru alisimama. Sijawahi kumsikia mtu akitaja jina la mkewe hivyo, kama mtu anayewahi chombo kinachoanguka. Akakaa tena, akatazama mlango, akatazama daftari langu, akalichukua, akalifunga kwa mkono wake mwenyewe, taratibu, kisha akanieleza. Wiki mbili kabla ya fainali ile alikuwa amemtorosha Nyanjura kutoka kwao Bunda, kama vijana wengi walivyofanyaga, akamficha kwa shangazi yake Nyegina mpaka ng'ombe wa mahari wapatikane. Ukoo wa binti ulikuwa unamtafuta, haujui kaenda na nani. Na Wambura, mshambuliaji, alikuwa mdogo wake baba wa Nyanjura, kwa hiyo kwa Nyanjura ni baba mdogo, na kwa Mafuru ni baba mkwe. Baba mkwe aliyemzidi miaka mitatu, lakini mkwe ni mkwe. "Kwetu mkwe huwezi hata kumgusa bega," Mafuru akaniambia. "Unampisha njia. Unakaa mbali na kiti chake. Sasa nimetoka golini, nimejipanga, namwona anakuja, na yeye hajui kama mimi ni nani kwake. Mimi najua. Nimgonge? Nimwangushe chini mbele ya watu, nimlalie, mzazi wa mke wangu? Mwili ulisogea wenyewe. Mpaka mpira umeingia wavuni ndiyo akili ikanirudia."

Ningecheka. Siku nyingine yoyote ningecheka mpaka nizimie. Lakini ukimtazama uso wake kicheko kilikuwa kinakimbia chenyewe. "Kwa nini usiseme?" nikamuuliza. "Aibu yote hii itaisha kesho." Akaniangalia kama anayemwangalia mwanafunzi mzito. "Nikisema, nimesema nini? Nimesema lile bao la mzee ni zawadi. Siku ile nilimpisha kwa heshima. Leo nimnyang'anye?" Akanirudishia daftari. "Nimekwambia kwa sababu mama huyu ameshalimwaga. Si la gazeti."

Nilienda Bunda keshokutwa yake, kwenye lori la pamba, nikalala juu ya marobota kama sultani. Nilijiambia naenda kupata upande wa pili. Kweli ni kwamba nilikuwa natafuta mlango wa kutokea. Wambura nilimkuta nyumbani kwake, mtu wa miaka arobaini mwenye goti bovu na nyumba ndogo iliyopakwa chokaa upande unaoonekana barabarani. Kabla sijamaliza salamu alishajua nataka nini, akavuta meza, akachukua birika akasema hili ni goli, kikombe cha bluu ni Mafuru, na bakuli la sukari ndiyo yeye. "Sasa tazama, mwandishi." Bakuli likaanza kuja. Likapita mabeki wawili ambao walikuwa vijiko. Jirani mmoja aliyekuwa mlangoni akaanza kutabasamu kabla ya wakati, kama mtu anayesikia hadithi aliyoizoea. "Akanitokea, mkubwa kama nyumba! Nikamwonyesha kushoto, nikaenda kulia. Chenga! Mpaka leo anatafuta kiuno chake!" Sukari ikamwagika mezani, jirani akapiga kofi. Nikatazama kikombe cha bluu. Hakukuwa na chenga mechi ile. Hata faili, ambalo halikumpenda mtu, halikuwahi kuandika chenga.

Akanisindikiza mpaka barabarani, kama inavyopasa, akichechemea. Tulipofika mahali ambapo jirani hawezi kutusikia, akasimama. "Mkwe wangu hajambo?" "Hajambo, anakusalimia." "Siku walipoleta ng'ombe," akasema, "nilimwona uso, nikajua ni yule kipa. Nikaelewa siku ile mpirani aliniona nani. Angesimama, goti hili lingekufa siku hiyohiyo." Akanishika mkono, hakuuachia. "Umeongea naye, nimeona kwenye macho yako ulivyokuwa unaangalia kikombe. Usiandike, mwandishi. Mimi sina ng'ombe wa kutajwa, sina mtoto wa kiume. Nina bao." Lori lilikuja, akaliinulia mkono kunisimamishia, na dereva akamwita kwa kelele kutoka dirishani, "Chengaaa!" Hilo ndilo lilikuwa jina lake Bunda nzima.

Nilirudi Musoma na siri mbili tumboni, na hapakuwa na tumbo la kuzitosha. Usiulize nililalaje. Darasani mwalimu alinipa kazi ubaoni, nikaandika jibu la mtu mwingine wa swali lingine. Nikaandika makala nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika: vijana, filimbi, namna ya kuanguka, yule sato. Mechi sikuitaja. Masatu aliisoma amesimama, akairudisha kwenye meza kwa vidole viwili kama soksi chafu. "Mechi iko wapi?" "Mkuu, nimezungumza na wote wawili. Haikuuzwa." "Nani kasema?" Nikaangalia kabati la mafaili. "Kasema Mafuru?" "Hapana, yeye hakutaka…" "Kasema Wambura?" "Hapana." "Basi nani anasema?" Chini Mzee Salehe alikuwa anashona, sakafu inatetemeka. Hapo ndipo jibu langu lilipokuwa. Lilikuwa fupi: mimi. Mimi nimekaa nao, nimekula nao, nimewatazama usoni, na mimi ninasema mechi haikuuzwa, jina langu hilo hapo juu, na sababu sitaitoa. Ilikuwa inatosha. Ningefukuzwa labda, au labda Masatu, ambaye alikuwa mkali lakini si mtu mbaya, angeheshimu. Sitajua kamwe, kwa sababu sikusema. Akanisogezea faili. "Weka sentensi, wape watu waamue. Nimebakiza saa mbili tu gazeti liende mtamboni."

Na mimi nikagundua, kama kila mwoga mwenye kipaji, kwamba kuna neno. Neno lenyewe ni "inadaiwa". Waandishi wanalijua: ni sabuni, unanawia mikono kabla hujachafuka. Nikaandika: "Inadaiwa kuwa katika fainali ile Mafuru aliiuzia Bunda mechi, madai ambayo hakutaka kuyazungumzia." Kila neno lilikuwa kweli. Ilidaiwa, naam. Hakutaka kuzungumza, naam. Katika maisha yangu nimetia chumvi vitu vingi, nimesema samaki alikuwa na urefu wa vyumba viwili, na hakuna aliyeumia. Uongo pekee uliomuumiza mtu niliusema kwa sentensi ambayo haikuwa na chumvi hata punje moja. Masatu akaipigia mstari, akaitoa akaiweka juu, ikawa kichwa cha habari. Ijumaa gazeti likatoka. Jumatatu nikapewa kiti chenye mgongo. Wiki iliyofuata kamati ikakaa, ikamchagua mtu mwingine, na mjumbe mmoja alikuja na gazeti letu amelikunja kwapani.

Nilimsubiri Mafuru aje kunipiga. Kila ngazi ilipolia nilikuwa naangalia dirisha, napima kuruka. Alikuja siku ya tatu, ila hakuja ofisini. Alikuja darasani jioni, akasimama mlangoni kwa ukubwa wake wote, na mwalimu wetu, ambaye alimjua, akaweka chaki chini. Mimi nilikuwa nimebanwa kwenye dawati la mtoto, siwezi hata kusimama kwa haraka. Wauza furu wakaacha kunong'ona. Akavua kofia, akawasalimia wote kwanza, mmoja mmoja. Kisha akanigeukia mimi, sauti ya chini, sauti ya mtu anayeuliza njia. "Nimesoma. Umeandika watu wanavyosema. Hayo niliyajua, nimeyasikia miaka kumi na minne. Mimi nimetoka Butiama kuja kusikia wewe unasemaje." Nikafungua mdomo. Mimi, ambaye hata nikiwa na malaria nilikuwa naongea! Hakukutoka kitu. Akasubiri. Alisubiri kama dakika mbili, na hapo siongezi, mgambo alikuwa na saa. Kisha akavaa kofia. "Haya. Soma vizuri," akasema, akaondoka, na nikasikia baiskeli yake ikitambaa juu ya kokoto mpaka ikaisha.

Nilifaulu masomo yale, cheti ninacho, nimekitundika mahali ambapo hata mwizi atakiona kwanza. Kiti chenye mgongo nilikikalia miezi minne tu kisha nikakiacha, nikaenda kuuza vifaa vya shule. Mafuru sikugombana naye. Tulisalimianaga sokoni, aliniulizia watoto, lakini hakuwahi tena kuniwekea kichwa cha samaki, na mimi sikuwahi kujibu swali lake. Wambura alikufa miaka mingi baadaye. Walimzika kwa jina la Chenga, na Mafuru alisimama mbali na kaburi, mahali pa mkwe, hakusema neno.

Haya yote yalipita kichwani wakati Rehema amepiga goti na simu yake. Mama mwenye msiba, Nyanjura, alikuwa ameketi kwenye mkeka hatua tatu kutoka kwetu, khanga begani, na nilikuwa nimesahau sikio lake. "Binti anakuuliza, mwandishi," akasema. Miaka thelathini na zaidi hakuniita mwandishi. "Mjibu. Baba mdogo amelala, mume wangu amelala. Heshima yao wamekwenda nayo, haipungui tena. Aliyebaki na deni la kusema ni wewe."

Nikaweka sahani chini. Nikamwambia Rehema aiweke mechi, asiiruke, maana ukiiruka umewaachia wenye faili waisimulie wao. Ila akiirudia asiishie kabatini, afike mpaka uwanjani, asimame pale kipa aliposimama. Akaniuliza kama anaweza kuwasha simu irekodi. Nikamwambia washa. Watu wa turubai zima wakageuka, nikawatazama akina mama, nikamtazama Nyanjura, nikataja jina langu kamili kwanza, halafu nikasema: "Mechi haikuuzwa. Ninayesema ni mimi. Mafuru alimwona mkwe wake anakuja, akampisha."

Sekunde kumi hakuna aliyepumua. Mke wangu ameyasoma yote haya, amefuta sifuri nne, na hapo kwenye sekunde kumi ameacha kama zilivyo.